Namna ya kuzielewa ngazi za ushirika kutoka AMCOS ya kijijini mpaka duniani, na kuzitumia kwenye mkutano mkuu

Mugonile ndugu zangu wa Rungwe na Kyela, kamwene wa Iringa na Njombe, na wa Mbozi na Mbarali nao nawasalimu. Nimeandika hii kwa ajili ya mwanachama wa kawaida wa AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao, au SACCOS, chama cha akiba na mikopo, yule anayekaa viti vya nyuma kwenye mkutano mkuu na kunyoosha mkono pale wanaposema "wanaokubali", maana wengi huku kwetu tunalipa kiingilio, tunanunua hisa, tunapeleka kakao au kahawa ghalani, alafu hatujui chama chetu kimeshikana na nani huko juu wala hao wa juu wana wajibu gani kwetu. Ukishajua utaona kwamba huko juu hakuna bosi wako, ngazi yote imeanzia kwako, na mtu anayelijua hilo anauliza maswali tofauti kabisa mkutanoni.

Cha kwanza chukua karatasi uchore. Chini kabisa andika jina lako, juu yake chama chenu cha msingi, juu ya hapo chama kikuu, yani kile kinachounganisha vyama vya msingi, kama mmejiunga nacho, mfano watu wa Kyela wana KYECU. Juu yake andika Shirikisho la Vyama vya Ushirika Tanzania, lile linaloitwa TFC, lililoanza 1994, na juu kabisa andika Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ambao dunia nzima unajulikana kwa herufi ICA, makao makuu yake yako Brussels, Ubelgiji, na ofisi ya Afrika iko Nairobi. Ukimaliza chora sanduku pembeni ya hiyo ngazi, pembeni kabisa siyo ndani, uandike humo Tume ya Maendeleo ya Ushirika, mrajis msaidizi (msajili wa vyama) wa mkoa, afisa ushirika wa halmashauri na COASCO wanaokagua mahesabu. Hawa wa kwenye sanduku ni serikali. Wanasajili chama, wanasimamia sheria, wanaweza kuja kukagua na kuchukua hatua bodi ikiharibu, kazi yao ni muhimu na afisa ushirika mzuri ni baraka kwa kijiji, ila hawamiliki chama na hawapo kwenye ngazi. Naliweka wazi hili kwa sababu kila siku nasikia mtu anasema "ushirika ni wa serikali", na mtu akishaamini hivyo anaacha kuuliza hela yake imeenda wapi.

Sasa tuiangalie hiyo ya juu kabisa. ICA ilianzishwa London mwaka 1895, ipo kabla hata ya Umoja wa Mataifa, ikapita vita kuu zote mbili bila kuvunjika. Wanachama wake siyo mtu mmoja mmoja, ni mashirikisho na taasisi za ushirika za nchi mbalimbali, TFC yetu ikiwemo, hao ndo wanakutana kwenye mkutano mkuu wao na kuchagua bodi na rais, kwa mfano 2017 walimchagua Ariel Guarco wa Argentina. Imegawanywa kimaeneo mara nne, yani Afrika, Ulaya, nchi za Amerika, na Asia pamoja na Pasifiki, alafu imegawanywa tena kwa aina ya kazi, kuna wa kilimo, wa uvuvi, wa benki, wa bima, wa maduka ya walaji, wa nyumba, wa afya, na wa viwanda na huduma. Kwaiyo mkulima wa kakao wa Kyela kwa ngazi hii ana wenzake wa Japani na Brazil wanaokaa kundi moja la kilimo. Wote wakijumlishwa, ICA inahesabu wanachama wa ushirika zaidi ya bilioni 1 duniani.

Usitegemee ICA ikukopeshe wala ikununulie parachichi, siyo kazi yake, na ukikutana na mtu anakwambia ulipe hela ili "wazungu wa ushirika" wawaletee mkopo mwambie hapana na umripoti. Kazi yake ni kuwasemea wanaushirika kwenye meza kubwa na kuulinda ushirika usigeuzwe kitu kingine. Tangu 1946 ina nafasi ya kutoa ushauri Umoja wa Mataifa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 193 mwaka 2002 linaloziambia serikali namna ya kuvilea vyama bila kuvikalia. Na Umoja wa Mataifa umeufanya mwaka 2012 na tena 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika. Ile Siku ya Ushirika Duniani inayoangukia Jumamosi ya kwanza ya Julai, ambayo sisi tunaenda na fulana na ngoma, imeanzia hukohuko, ICA wanaiadhimisha tangu 1923.

Lengo lenyewe sasa. Mwaka 1844 mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi 28 walikuwa wanabanwa na mishahara midogo na maduka yanayouza vyakula vilivyochanganywa uchafu, na wengine walikuwa wamefungwa na madeni ya hayohayo maduka, wakachanga vihela wakafungua duka lao mtaa wa Toad Lane, wakaanza na unga, siagi, sukari, oti na mishumaa. Kilichowafanya wakumbukwe ni masharti waliyojiwekea: mzani wa haki, kila mtu kura moja, na faida irudi kwa mtu kwa kadiri alivyonunua pale dukani. Ujerumani nako karne hiyohiyo Friedrich Wilhelm Raiffeisen akaanzisha vyama vya akiba na mikopo vya wakulima waliokuwa wananyonywa na wakopeshaji wa riba kubwa, na SACCOS zetu zina damu ya hivyo vyama. Mtu wa Mbozi aliyewahi kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anadaiwa ada hahitaji kuelezewa zaidi hapa.

Hayo masharti yakaboreshwa miaka na miaka, na 1995 pale Manchester ICA ikapitisha misingi saba ambayo ndo inatumika mpaka leo, hata sheria yetu ya vyama vya ushirika ya 2013 imesimama juu yake. Kipimo cha chama chenu ni hicho, kwaiyo kabla ya mkutano mkuu kaeni wanachama watano sita jioni mpitishe msingi mmoja mmoja. Wa kwanza ni uanachama wa hiari na ulio wazi, huu ni mwepesi, angalieni tu kama wapo kinamama au vijana wanaolima kweli lakini wanakataliwa fomu, au shamba lina jina la baba na mama ndo anafanya kazi zote na hana hata namba ya uanachama.

Wa pili ni wanachama kuongoza kwa demokrasia, mwanachama mmoja kura moja hata kama mwenzako ana hisa mia. Hapa msiishie kwenye uchaguzi. Ombeni muhtasari wa mkutano uliopita mapema, msisomewe haraka haraka siku yenyewe, mlinganishe yaliyoamuliwa na yaliyofanyika. Alafu kuna ajenda inaitwa ukomo wa madeni, hiyo inapitishwa na mkutano mkuu, ndo inayosema chama kinaruhusiwa kukopa mpaka shilingi ngapi, na mi naona ndo ajenda inayopita kimyakimya kuliko zote wakati deni likishindikana ni mazao yetu yanayokatwa. Ulizeni tunakopa kwa nani, kwa riba gani, kwa ajili ya nini, na msimu ukiwa mbaya tunalipaje.

Wa tatu ni ushiriki wa kiuchumi, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Hisa zako siyo kamari, zinapata kidogo, ziada ya chama inatakiwa kwenda kwenye akiba, kwenye kukuza chama, na kurudi kwa mwanachama kulingana na alivyokitumia chama, yani aliyepeleka kilo nyingi anapata zaidi kuliko aliyejaza hisa akauza pembeni. Tunzeni risiti za mzani, kila moja. Siku ya mkutano mje na jumla zenu mkononi: kilo nilizopeleka, bei ya mnada, makato yote kwa majina yake, ushuru wa chama, wa halmashauri, ghala, usafiri, kilichoingia kwenye simu au benki. Kama hesabu yako na ya chama hazilingani omba wafungue daftari hapohapo, kwa adabu, "mheshimiwa mwenyekiti naomba ufafanuzi wa makato ya namba fulani", na usikubali jibu la "tutakuita ofisini". Muulize pia ripoti ya mkaguzi inasemaje, siyo muhtasari wa mwenyekiti kuhusu ripoti, ripoti yenyewe.

Wa nne ni uhuru na kujitegemea, na sisi Watanzania tuna sababu ya kuushika kuliko wengine maana mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote, vijiji na mamlaka za mazao vikachukua kazi, mpaka sheria ya 1982 ndo vikarudi, na vilirudi vikiwa dhaifu, mali zimepotea, imani ya wakulima imekwisha. Wazee wengi huku ndo maana bado wana kinyongo na neno ushirika, na tusiwalaumu. Kipimo chake kwenu: mradi wowote unaoletwa, uwe wa halmashauri, wa mfadhili au wa kampuni ya mnunuzi, ulizeni kama mkutano mkuu umeukubali na kama mnaweza kusema hapana bila kuadhibiwa.

Wa tano elimu. Tafuteni mstari wa mafunzo kwenye makisio ya mwaka, kama hela ipo kwa safari za bodi tu na hakuna ya wanachama pendekezeni ibadilishwe, na wataalamu wapo, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilianza kama chuo cha ushirika 1963 na kazi yake ni hii. Wa sita ni vyama kushirikiana, mfano AMCOS tatu kukodi lori moja kuliko kila mmoja na lake, au kuweka hela kwenye Benki ya Ushirika iliyozinduliwa 2025 ambayo vyama vyenyewe vina hisa. Wa saba kuijali jamii inayotuzunguka, chanzo cha maji kule mlimani, darasa la shule, mnaujua.

Mkishapima mtabaki na maswali matatu manne. Yaandikeni, wekeni majina na namba za uanachama, mpelekeeni katibu kabla ya mkutano na nakala abaki nayo mmoja wenu ikiwa imegongwa muhuri. Likijibiwa sawa. Lisipojibiwa kama ni la sheria au wizi linaenda kwenye lile sanduku la pembeni, kwa afisa ushirika wa halmashauri kwanza, alafu kwa mrajis msaidizi wa mkoa, kwa barua siyo kwa maneno. Ila kama ni la sera, mfano makato fulani yanawaumiza wakulima wote au sheria inawabana, hilo linapanda ngazi: mkutano mkuu unapitisha azimio, wajumbe wenu wanalipeleka chama kikuu, chama kikuu kinalipeleka shirikisho, na shirikisho ndo lina kiti cha kulisema serikalini na Nairobi na Brussels. Kwaiyo mnapochagua mjumbe wa kwenda chama kikuu msimchague kwa sababu ana suti, mchagueni anayeweza kulisoma azimio lenu mbele ya watu na kurudi kuwaambia lilijibiwaje, na muandike kwenye muhtasari kwamba lazima arudi na taarifa mkutano unaofuata.