Kutoka Dodoma hadi kwenye zamu ya usukani: jinsi ya kuanza kazi ya afisa wa meli za biashara

Kijana anayekulia Dodoma huijua meli kwa picha. Maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Hombolo au la Mtera, na bandari ya Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 400 upande wa mashariki. Hata hivyo neno la melini analo kinywani kila asubuhi, kwa maana kupiga deki sakafu ya nyumba ya Nkuhungu au Makole ni msemo uliotoka kwenye sitaha za meli. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana huyo na wazazi wake, kwa sababu nimeona vijana wenye uwezo mkubwa kutoka mikoa ya kati wakipoteza miaka na ada kwa kuanza na jambo ambalo lilipaswa kuja baadaye.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba uafisa wa meli haukamiliki darasani. Mkataba wa kimataifa unaosimamia mafunzo na vyeti vya mabaharia, ujulikanao kama STCW, ulipitishwa mwaka 1978 na kurekebishwa kwa kina mwaka 1995 na tena mwaka 2010 mjini Manila. Mkataba huo unamtaka afisa wa zamu ya sitaha, yaani anayeachiwa kuiongoza meli katika saa za zamu yake, katika meli yenye ukubwa wa tani 500 au zaidi, awe ametimiza miaka 18 na awe ametumikia baharini kwa muda usiopungua miezi 12 ndani ya programu ya mafunzo iliyoidhinishwa, huku kila kazi anayojifunza ikiandikwa na kutiwa saini katika kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Asiyepitia programu ya namna hiyo hutakiwa kuwa na miezi 36. Wanaokwama katika safari hii wengi wao hukwama hapo, wakiwa na matokeo mazuri ya darasani na bila meli ya kupanda. Kwa hiyo mipango yote, tangu kuchagua kozi hadi kupanga fedha za familia, ianzie kwenye miezi hiyo 12 na kurudi nyuma.

Sitaha au injini

Kuna njia mbili kuu. Afisa wa sitaha huongoza meli, husoma ramani za bahari, husimamia upakiaji wa shehena na usalama wa watu, na kwa kupanda ngazi huja kuwa nahodha. Afisa wa injini huendesha na kutengeneza mitambo inayoisukuma meli na kuipatia umeme, na ngazi yake ya juu ni ya mhandisi mkuu. Ipo pia njia ya tatu, ya afisa wa umeme na elektroniki, ambayo ilipewa viwango vyake rasmi katika marekebisho ya Manila. Chagua mapema, kwa kuwa vyeti vya njia moja havikupeleki kwenye nyingine. Kijana ambaye tangu utotoni hufungua pampu za maji na injini za bodaboda ili aone kilichomo ndani angefanya vyema kutazama upande wa injini, hata kama picha ya nahodha aliyevaa sare nyeupe ndiyo iliyomvutia kwanza.

Anza na macho

Kabla ya kulipia fomu ya chuo chochote, nenda kwenye kitengo cha macho katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe, uombe kupimwa uwezo wa kuona mbali na uwezo wa kutofautisha rangi. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ada ya muhula mmoja, na jibu lake linaweza kubadilisha mpango wako wote. Kwa afisa wa sitaha, kila jicho linatakiwa kufikia kiwango ambacho madaktari wetu hukiandika 6/12, na miwani inaruhusiwa. Upofu wa rangi hauna dawa ya miwani, huwapata zaidi wanaume, na wengi walio nao hawajui hadi siku ya kupimwa.

Sababu ya ukali huo inaeleweka kirahisi. Usiku, meli inayotembea huwasha taa nyekundu ubavu wa kushoto, taa ya kijani ubavu wa kulia, na taa nyeupe juu ya mlingoti. Afisa anayeona mbele yake nyekundu na kijani kwa pamoja anajua kwamba meli nyingine inamjia uso kwa uso, na kanuni za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinamwagiza kila mmoja ageukie kulia. Akiona nyekundu peke yake, au kijani peke yake, wajibu wake hubadilika. Asiyeweza kutofautisha rangi hizo mbili hawezi kuachiwa zamu ya usiku, hata awe na bidii kiasi gani. Upande wa injini kipimo cha rangi ni chepesi zaidi, ingawa kipo.

Kipimo hiki cha mwanzo ni cha kukupa mwanga tu. Cheti cha afya cha baharia hutolewa na daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri majini, na hudumu kwa muda usiozidi miaka 2, au mwaka 1 kwa aliye chini ya miaka 18.

Masomo, na tahadhari kuhusu jina la kozi

Fizikia, hisabati na Kiingereza ndiyo masomo ya kuyashika kwa mikono miwili tangu kidato cha kwanza. Hisabati inayotumika zaidi ni ile ya pembetatu, na Kiingereza ndicho lugha ya kazi baharini, kiasi kwamba mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha orodha ya misemo sanifu ya mawasiliano ambayo maafisa wote wa zamu wanapaswa kuifahamu.

Fizikia inahitaji neno la ziada. Somo la uthabiti wa meli hufundisha mahali uzito unapokaa, jinsi kitovu cha uzito kinavyopanda mizigo na watu wanapojazwa juu, na jinsi meli iliyoonekana imetulia gatini inavyoweza kulala upande na isiinuke tena. Nchi yetu imelijifunza somo hili kwa machozi. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara mnamo Septemba 2018 kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Mwanafunzi wa Msalato au wa Mpwapwa anayehesabu mizani na nguvu za mzunguko ubaoni anajifunza jambo lenye uzito wa maisha ya watu, na ningependa walimu wa fizikia wamwambie hivyo.

Chuo cha umma kinachofundisha kazi hizi nchini ni Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka unaoomba, kisha uangalie jina la kozi kwa makini, kwa kuwa chuo cha bahari hufundisha pia kozi za biashara ya usafirishaji na ugavi. Hizo ni kozi nzuri zinazompeleka mtu kwenye ofisi za uwakala na bandari, lakini hazimpeleki kwenye cheti cha afisa wa zamu. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa: je, kozi hii imeidhinishwa kwa ajili ya cheti cha umahiri cha afisa wa sitaha au wa injini, na je, chuo kina utaratibu gani wa kuwapatia wanafunzi nafasi za ukadeti, yaani za kujifunza kazi melini? Jibu la swali la pili ndilo litakalokuonyesha miaka yako mitatu au minne ijayo itakuwaje.

Kwa anayelenga injini, kozi fupi ya ufundi mitambo au uchomeleaji katika VETA wakati wa kusubiri matokeo ni matumizi mazuri ya muda, kwani afisa wa injini hutakiwa kuwa na mafunzo ya karakana pamoja na ya melini, ambayo kwa jumla hayapungui miezi 12, na angalau miezi 6 kati ya hiyo awe ameshika zamu katika chumba cha injini chini ya usimamizi.

Kuna jambo moja ambalo mtoto wa pwani hulipata bila kulitafuta nasi tunapaswa kulitafuta, nalo ni kuogelea. Mafunzo ya msingi ya usalama, ambayo kila baharia huyapitia, humtaka mtu aruke majini kutoka juu akiwa na jaketi la kujiokolea, aelee bila jaketi hilo, na aweze kukigeuza chombo cha kujiokolea cha upepo kilichopinduka. Jifunze mapema katika bwawa la hoteli lenye mwalimu. Usijifunzie Mtera, ambako kuna viboko na mamba.

Miezi kumi na miwili

Andaa nyaraka zako ungali chuoni: pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha afya, vyeti vya mafunzo ya msingi ya usalama na ya uelewa wa ulinzi wa meli, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nafasi ya ukadeti inapotokea, mara nyingi hutaka mtu aliye tayari ndani ya siku chache. Kwa upande wa safari yenyewe mambo yamekuwa mepesi, kwani tangu mwaka 2024 treni ya SGR humtoa mtu Dodoma asubuhi na kumfikisha Dar es Salaam siku hiyohiyo akiwa na muda wa kufika ofisini.

Peleka maombi kwa kampuni nyingi, zikiwemo zinazoendesha meli kati ya Dar es Salaam na Zanzibar na zile za nje zinazopokea makadeti kupitia mawakala wenye leseni. Wasichana wawatafute pia wanachama wa WOMESA, chama cha wanawake wa sekta ya bahari katika mashariki na kusini mwa Afrika kilichoanzishwa mwaka 2007. Angalizo kwa watakaopewa nafasi katika Ziwa Victoria au Tanganyika: STCW huhesabu utumishi wa meli za baharini, na meli zinazotembea kwenye maji ya ndani pekee haziingii katika maana hiyo. Kabla ya kupanda, uliza Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo ndilo msimamizi wa vyeti Tanzania Bara, muda huo utahesabiwaje. Kwa Zanzibar, mamlaka ni ZMA.

Ukiwa melini, tarehe ya kupanda na ya kushuka ziandikwe sawasawa katika kitabu cha baharia. Usisubiri siku ya mwisho kuomba saini za kitabu cha mafunzo, kwa kuwa maafisa hubadilishwa katikati ya safari na aliyekufundisha anaweza kushuka Durban wewe ukiendelea Mumbai. Kila Jumapili piga picha kurasa zilizotiwa saini na uzihifadhi nje ya simu yako. Kadeti wa sitaha ahakikishe anapata angalau miezi 6 ya zamu katika chumba cha usukani, kwa sababu kadeti asiyedai nafasi yake huishia kukwangua kutu mwaka mzima, na kutu haitajibu maswali ya mtahini.

Anayekuomba fedha

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama zinazoweza kuwa zake ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Kwa hiyo mtu anayekutaka umtumie fedha ya kushika nafasi anavunja mkataba huo, hata kama ofisi yake ina bendera na picha za meli ukutani.

Nilipata kuletewa mkataba wa ajira na familia moja ya Kongwa iliyokuwa imekwisha uza ng'ombe. Namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli, iliyoandikwa humo ilikuwa na tarakimu sita. Namba halisi huwa na tarakimu saba, na uhalali wake unaweza kuupima kwa kalamu: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, na kuendelea hadi ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na tarakimu ya saba. Kwa namba 9074729, jumla ni 139, inayoishia na 9, hivyo inakubali. Baada ya hapo itafute meli hiyo katika tovuti ya Equasis, ambayo ni ya bure, uone mmiliki wake, bendera yake na historia ya ukaguzi wake.

Mtihani, na nyumbani

Miezi ikitimia, utaomba mtihani wa cheti cha umahiri, ukiwemo wa mdomo mbele ya mtahini. Kanuni za migongano uzijue neno kwa neno. Cheti huhuishwa kila baada ya miaka 5, na meli ya bendera nyingine, yaani iliyosajiliwa katika nchi nyingine, itahitaji idhini ya nchi ya bendera hiyo, kwa hiyo uliza TASAC ni nchi zipi zinazotambua vyeti vyetu kabla ya kusaini. Baada ya miezi 12 ya uafisa wa zamu unaweza kuomba cheti cha afisa mkuu, yaani afisa wa sitaha anayemfuata nahodha kwa cheo, na unahodha hutaka miezi 36, ambayo hupungua hadi 24 iwapo 12 kati yake ni ya uafisa mkuu.

Wazazi waambiwe ukweli mapema. Utakosa mazishi na harusi, na huenda msimu mzima wa kilimo ukapita hujaonekana. Kabla ya kuondoka waachie karatasi yenye jina la meli na namba yake ya IMO, jina na simu ya kampuni, jina la wakala, na nakala ya mkataba wako wa ajira. Waeleze pia kwamba baharia ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi 2 huhesabiwa na mkataba wa 2006 kuwa ametelekezwa, na bima ya meli inapaswa kumlisha na kumrudisha nyumbani, ili siku simu yako ikinyamaza wajue wampigie nani na wamwambie nini.