Jenereta isilale peke yake
Ya kwanza niliifunga mnyororo kwenye mpini. Mwizi akaja na spana namba 12, akafungua boliti mbili, akaniachia mpini, mnyororo na kufuli. Hapa Mbagala umeme ukikatika, mlio wa jenereta ni tangazo.

Sasa nimemwaga zege nyuma ya nyumba, nikazamisha humo nondo ya milimita 16 iliyokunjwa kama U. Mnyororo pitisha kwenye fremu yenyewe, na ukaze: ukilala sakafuni, mkasi wa vyuma unapata pa kuegemea. Ekzosi itazame uani, mita sita kutoka madirishani. Kuiwasha ndani au kibarazani kwa kuogopa wezi usithubutu. Moshi wake unaua watu usingizini. Ikishapoa, mke wangu huifunika kiroba chakavu cha mkaa.