SOMO: Akaunti za fsgqa kwenye xfstests

Wakuu, swali ni lilelile kila mara: "xfstests imemaliza salama, mbona majaribio ya kwota (kikomo cha nafasi ya diski kwa mtumiaji) siyaoni?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Kwa mgeni: xfstests ni mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili. Ulianzia kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wa XFS, leo unapima pia ext4, Btrfs na hata NFS (faili kupitia mtandao). Unaendeshwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo), lakini majaribio mengi ya ruhusa na kwota yanahitaji mtu wa kawaida, maana root habanwi na vizuizi hivyo. Mtu huyo ni fsgqa.

Hatua ya 1. Tumia mashine pepe. Jaza TEST_DEV, TEST_DIR, SCRATCH_DEV na SCRATCH_MNT kwenye local.config. SCRATCH_DEV itafutwa yote, usiweke diski yenye picha za harusi.

Hatua ya 2. Tengeneza akaunti:

```
useradd -m -U -u 4001 -s /bin/bash fsgqa
useradd -U -u 4002 -s /bin/bash fsgqa2
useradd -U -u 4003 -s /bin/bash 123456-fsgqa
```

-U inalazimisha kundi lenye jina la mtumiaji, kwa sababu si kila mfumo unalitengeneza wenyewe. Mifumo mingine inakataa jina linaloanza na tarakimu. Angalia `useradd --help` kama kuna chaguo la kuliruhusu. Likikosekana, iache akaunti hiyo. Majaribio machache tu, kama generic/381, yatarukwa.

Hatua ya 3. Sheli (programu inayopokea amri za mtumiaji). Soma hapa polepole. xfstests haitosheki kuona jina kwenye /etc/passwd. Inajaribu kuendesha /bin/true kupitia `su fsgqa`, na ikishindikana inaandika "fsgqa cannot execute commands" kisha inaruka jaribio. Hairipoti kosa, inaruka tu, na mwishoni bado utasomewa "Passed all". Mtego mkubwa uko kwa wanaotengeneza akaunti kwa systemd-sysusers (zana ya systemd ya kutengeneza watumiaji): usipotaja sheli, mtumiaji anapewa nologin (sheli inayokataa kuingia) na makazi yake yanakuwa /. Akaunti ipo, `id` inajibu vizuri, na kazi yako ya usiku (majaribio yanayojiendesha kila usiku) inakaa kijani miezi mizima huku kwota haijapimwa hata mara moja. Jipime hivi:

```
echo /bin/true | su fsgqa; echo $?
```

Isiporudisha 0, piga `usermod -s /bin/bash fsgqa`. ONYO: fanya kwenye taswira ya msingi (image ambayo mashine zinaundwa kutokana nayo). Ukirekebisha mashine iliyokwisha kuwaka, kesho ikiundwa upya umerudi ulikotoka. ONYO la pili: usiache UID (namba za watumiaji) zijipange zenyewe. TEST_DEV haifomatiwi kila jaribio, kwa hiyo UID ikibadilika, faili za jana zinabaki na mwenyewe asiyejulikana.

Hatua ya 4. Kwenye skripti yenye `set -e` (inayosimama amri ikifeli), tanguliza `id fsgqa ||` kabla ya useradd, la sivyo mara ya pili itakufa kwa kuwa akaunti ipo.

Hatua ya 5. Endesha `./check generic/230`, halafu:

```
grep -r fsgqa results --include='*.notrun'
```

Kukiwa na mstari wowote (isipokuwa wa 123456-fsgqa kama uliiacha Hatua ya 2), fanya kazi yako ya usiku ifeli kwa makusudi.

---

kibuyu_cha_data: Mkuu imegoma, msaada.

Mwandishi: Imegoma ikisema nini?

kibuyu_cha_data: invalid user name '123456-fsgqa'

Mwandishi: Hatua ya 2, chini ya amri.

bi_terminali: Asante kwa somo kaka. Kwa nini wakachagua jina la ajabu hivyo?

Mwandishi: Swali zuri dada. xfs_quota inapokea jina au namba ya UID. Programu ikisoma tarakimu na kuishia kwenye kistari, itaelewa UID 123456 na kumwekea kikomo mtu mwingine kabisa. Jina hilo limewekwa kuukamata uzembe huo. Fungua tests/generic/381 uisome, ni fupi.

mzee_wa_seva: Si rahisi kumpa fsgqa sudo tu, mambo yaishe?

Mwandishi: Hapana. Tunamtumia kwa sababu hana uwezo huo.

mzee_wa_seva: Nimeuliza tu mkuu.

Mwandishi: Nami nimejibu tu.

juma_kerneli: Hatua ya 3 kwangu inarudisha 0, ila napata Permission denied. xfstests nimeiweka /root/xfstests.

Mwandishi: Umeleta taarifa kamili, Mungu akubariki. /root kwa kawaida ni 0700 (mwenyewe tu anaingia), fsgqa hapiti mlangoni. Hamishia /opt, na TEST_DIR pia isiwe chini ya /root. `namei -l` ikifuatiwa na njia yako itakuonyesha saraka inayomzuia.

juma_kerneli: Imekubali! Sasa nikipima NFS, akaunti ziwe upande gani?

Mwandishi: Pande zote mbili, kwa UID zilezile. Kwa sec=sys (utambulisho wa kawaida wa NFS) seva inapokea namba, haipokei jina; 4001 wa huku akiwa mtu mwingine kule, ruhusa zinavurugika. Na kwenye /etc/exports ya seva weka no_root_squash (root wa mteja abaki root), la sivyo chown za root zitakataliwa na utadhani kosa ni la kerneli.

bi_terminali: Hiyo ya exports ilinila wikiendi nzima.

kibuyu_cha_data: Samahani, kistari ni kipi, hiki - au hiki _ ?

Mwandishi: Nakili amri, usiichape.