Jinsi ya kutoa Windows ya kukrak kwa lapi yako ya ex-UK

Hii ni ya wewe ulinunua lapi ya ex-UK huko Nairobi, Moi Avenue ama Luthuli, ile EliteBook ama ThinkPad imepanguswa mpaka inang'aa, halafu jamaa wa stoo akakuuliza "nikuekee Windows?" ukasema ndio, akaongeza Office, antivairasi na ile programu ya kudizaini posta ambayo watu wa halali wanailipia kila mwezi kama rent, zote kwa soo tano, na zote zimetoka kwa flashi moja inakaa mfuko wake wa shati. Hukuuliza zimetoka wapi. Hata mimi sikuuliza.

Wacha niseme kwanza vile ilinimaliza. Zile aktiveta za Windows, yaani viprogramu vya kuidanganya ionekane imelipiwa, kabla zifanye kazi yao, zinakuambia uzime antivairasi. Sasa hebu fikiria mtu asiyejulikana anafika geti ya plot yenu usiku, anaomba soja alale kidogo ndio apite, na wewe mwenyewe ndio unatoka na shuka kumfunika soja. Ndio hiyo. Yangu ilinyamaza karibu mwaka mzima, siku moja naamka napata kila faili imeongezwa herufi za ajabu mwishoni, hakuna inafunguka isipokuwa karatasi moja inaniambia nitume Bitcoin. Invoisi zikaenda, picha za harusi ya sista zikaenda, na kazi ya mteja ambaye mpaka leo hashiki simu zangu. Nikamrudia fundi, akasema "hiyo ni virusi tu", akafomati, akaniwekea Windows ingine. Kutoka kwa flashi ile ile.

Na hata kama yako haijakuuma bado, Microsoft walisimamisha apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, ThinkPad X250 ni cha 5. So hizi mashine tunazobeba kila siku kwa mat ziko fiti kabisa, ukiweka SSD, ile diski ya kasi, zinakimbia, lakini zimeambiwa zizeeke. Najua kuna njia za kulazimisha Windows 11 iingie, usiniandikie, mimi nimechoka kulazimisha vitu.

So badala ya Windows tunaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, wa bure na halali, na kwa mtu anayeanza mimi nasema Linux Mint, juu menyu iko pale chini kushoto ulipoizoea na haikusumbui na maneno mengi. Toleo la 22 linapata apdeti mpaka 2029. Iko na sura tatu: Cinnamon ndio nzuri kwa macho, MATE iko katikati, na Xfce ni ya ile lapi ya RAM 4 inayopumua kama mzee anapanda ngazi.

Kabla uguse chochote, bakapu. Sitaki kusikia "nilidhani". Nunua ama kopa hard disk ya nje, toa dokyumenti zako, picha, na usisahau vitu vimejificha kama paswadi ziko kwa brauza. Ukitoa faili kutoka kwa mashine ya kukrak chukua kazi zako tu, achana na zile faili za kuinstolia programu, hizo ndio zinabeba wadudu. Na kama ulikuwa na Windows halali, ile ilikuja na mashine, usiifute haraka, kuna vile nitaeleza huko mbele.

Sasa unahitaji flashi ya 8GB kuenda juu, na bando, juu faili ya Mint ni karibu 3GB. Nenda kwa tovuti yao wenyewe, usichukue kwa grupu ya Telegram ya mtu fulani, hiyo ni kurudi kwa fundi na mlango wa nyuma. Ikishaingia, usiruke hii sehemu hata kama inakaa ya wataalamu: pale kwa tovuti kuna msururu mrefu wa herufi na nambari unaitwa SHA256, huo ni kama alama ya kidole ya faili. Kwa Windows fungua ile dirisha nyeusi ya Command Prompt uandike certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, itakupa alama ya ile umepakua. Zikifanana mpaka herufi ya mwisho, faili ni yenyewe. Zikitofautiana hata kidogo, ama intaneti ilikatika katikati ama mtu ameichezea, ifute uanze tena. Dakika moja tu hiyo, na ndio tofauti yote kati ya kuamini na kujua.

Faili unaiandika kwa flashi kwa kutumia Rufus, ni kaprogramu kadogo ka bure, unachagua flashi, unachagua faili, unabonyeza start, unaenda kunywa chai. Flashi itafutwa yote so kama iko na mahubiri ya mathe toa kwanza.

Zima lapi, chomeka flashi, washa. HP unapiga Esc halafu F9, Dell ni F12, ThinkPad unabonyeza Enter halafu F12, na unapiga mara nyingi kama mtu anaita lifti, usiguse mara moja ukangoja. Ikitokea menyu, chagua flashi. Hapa ndio ex-UK zingine zinaleta shida: hizi mashine zilikuwa za maofisi huko Uingereza, na kuna zile zilikuja na paswadi ya BIOS, ule mfumo mdogo unaamka kabla ya Windows, haijatolewa. Ikiuliza paswadi hujawahi kuiona, rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na risiti. Ndio maana huwa nasema ukinunua, jaribu kuingia BIOS pale pale kwa kaunta kabla pesa itoke kwa M-Pesa.

Mint itafunguka kutoka kwa flashi bila kuguza diski yako. Hii ndio sehemu tamu na watu wanairuka. Usiinstol bado. Kaa nayo nusu saa. Waifai inashika? Sauti? Kamera? Mwangaza wa skrini unapanda na kushuka? Ukifunga kifuniko ikalala, inaamka? Waifai ikikataa, chomeka simu na kebo ya USB uwashe hotispoti ya USB, itakupa intaneti kama kawaida, na kuna programu ya kutafuta draiva itamaliza kazi. Kama kuna kitu imekataa kabisa, unazima, unatoa flashi, na Windows yako iko vile uliiwacha.

Ukiridhika, kuna ikoni ya kuinstol hapo kwa skrini, bonyeza. Chomeka chaja kwanza! Stima ikipotea katikati na betri ni ile ya ex-UK ya dakika kumi na mbili, utalia. Maswali ni machache lakini moja ni muhimu kuliko unavyofikiria: kibodi. Lapi ya kutoka Uingereza iko na kibodi ya Uingereza, angalia kitufe cha 3, ukiona alama ya pauni ni yenyewe. Mafundi wetu huweka ya Marekani kila siku, ndio maana umeishi miaka ukibonyeza @ inatoka alama za kunukuu, ukadhani ni kibodi imeharibika. Chagua English UK. Mimi nilipogundua hiyo nilikaa nikacheka peke yangu, miaka tatu nimekuwa nikiandika barua pepe kwa kuotea.

Halafu tia tiki pale inauliza kodeki, vile vitu vinafanya video na muziki zicheze. Halafu inauliza kama inafuta diski yote ama inakaa kando ya Windows. Windows ya kukrak: futa, usiionee huruma. Windows halali: ziweke pamoja, kila ukiwasha itakuuliza unataka gani. Lakini hapa angalia kama Windows imefungwa na BitLocker, ile kufuli yake ya diski, zima hiyo kwanza ukiwa ndani ya Windows, la sivyo utaambiwa uweke kii ya nambari 48 ambayo huna. Saa chagua Nairobi kwa ramani. Kwa SSD inamaliza kabla ugali iive.

Wacha nitoke kidogo kwa barabara. Wazungu wana shida moja, neno lao "free" linamaanisha bure na pia linamaanisha huru, na Richard Stallman, aliyeanzisha GNU, mradi wa programu huru, mwaka 1983, ametumia nusu ya maisha yake kueleza watu kuwa hazungumzii bei. Sisi hatuhitaji hiyo lecha. Tuko na bure, tuko na huru, mtoto wa nasari anajua tofauti. Windows ya fundi ilikuwa kama bure na haikuwa huru hata kidogo, hujui nani aliifungua na aliacha nini ndani. Linux, ambayo kiini chake kiliandikwa na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki 1991, iko na leseni inakuambia chukua, chungulia ndani, badilisha, gawia jirani, hata uza ukitaka, bora ukigawa umpe mwenzako uhuru ule ule. Ndio maana 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kutoa ofisi nzima ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, bila kupiga magoti kwa kampuni yoyote. Na hiyo hiyo 2004 Ubuntu ilitoka, Mint imejengwa juu yake, jina ni la Kizulu na Kixhosa, ni utu wetu tu.

Na sheria, ndio, najua hukuja kuhubiriwa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaweka programu ya kompyuta kwa fungu moja na vitabu, kazi ya fasihi, inalindwa maisha ya mwandishi na miaka 50 juu. Polisi hawatakuja kwako kwa sababu ya Office, hebu tusidanganyane. Kinachonichekesha ni sisi wenyewe: unapata msee anachora katuni kali, ameiona kwa tishati ya mtu huko Gikomba bila jina lake, amepanda mori, ati hakimiliki ati KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, na hiyo katuni ameichorea kwa programu ya kukrak. Nyani haoni kundule.

Sasa za kubadilisha. Kuchora ni Krita, na inafungua faili za PSD, zile za Photoshop. Logo na mabango ni Inkscape. Picha ni GIMP, ambayo itakukasirisha wiki mbili za kwanza, kubali tu. Kukata video ni Kdenlive. Muvi ni VLC, ulikuwa nayo tayari. Za 3D ni Blender, na hii hadithi yake naipenda: kampuni iliyokuwa nayo ilifungwa 2002, waliokuwa wanaipenda wakachanga euro 100,000 kwa wiki saba kununua code yake, yale maandishi inaundwa nayo, ikawa huru. Yaani wazungu walifanya harambee. Na 2025 filamu ya paka kutoka Latvia iliyotengenezwa na Blender ikashinda Oscar, so usiniambie hizi ni za watoto.

Kuandika na hesabu ni LibreOffice, na hapa nitakuwa mkweli. Dokyumenti za Word zinafunguka lakini mistari inaweza kuruka kama fonti haiko, so weka fonti za Microsoft, paketi inaitwa ttf-mscorefonts-installer, na ukituma CV tuma PDF kila wakati. Ukipata fomu ya Excel yenye makro, zile zinabonyezwa vitufe ndani, usipigane nayo, hasa kama ni za ushuru na ni Juni 29 usiku. Nenda cyber, maliza, rudi nyumbani.

Magemu ni nusu nusu. Steam iko, na nyingi za Windows zinacheza kupitia kitu kinaitwa Proton tangu 2018. Lakini EA FC za siku hizi zinakataa sababu ya walinzi wao wa kuzuia watu wanaocheza kwa ujanja, Valorant pia zii. Kama maisha yako ni FC na mabeshte wikendi, bakisha Windows halali kando ama endelea kuenda pale pa PlayStation kwa dakika.

Siku ya kwanza ikishakaa, fanya vitu viwili: endesha apdeti zote, halafu fungua Timeshift upige picha ya mfumo, ndio siku utaharibu kitu saa nane usiku ukifuata maelezo ya YouTube, na utaharibu, unarudi jana kwa dakika chache. Timeshift inahifadhi mfumo lakini, sio kazi zako, zile bado ni za diski ya nje.

Na hiyo flashi usiifute. Yangu ilienda kwa kijana wa keateka, ikaenda kwa beshte yake wa Roysambu, ikarudi baada ya wiki tatu na nembo ya Man U imebandikwa juu.