Arboretum ya Nairobi kwa mguu: mzunguko wa saa moja kupitia mtoni

Wengi wanaokuja Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, hutandika leso kwenye nyasi, wakala, wakapiga picha, wakaenda zao. Sina neno na hilo, nyasi ni za watu wote. Ila huniuma mtu akikaa pale mwaka baada ya mwaka bila kujua kwamba miti mingi iliyomzunguka ililetwa kwa sababu. Mwaka 1907 afisa wa misitu aitwaye Battiscombe alianza kupanda miti ya kigeni hapa ili kuijaribu: ni ipi itakayokua haraka katika udongo wa Nairobi ipate kulisha injini za reli? Reli ilikuwa imefika hapa mwaka 1899, na injini zile zilikuwa zikila kuni. Kwa hiyo hili lilikuwa shamba la majaribio. Leo lina hekta 30 hivi na aina zaidi ya 350 za miti. Hivi ndivyo ninavyowazungusha wageni wangu.

Hatua ya 1: Jiandae
Njoo asubuhi, kama saa moja, kabla wanaokimbia hawajajaa njiani na ndege wangali wanaita. Vaa viatu vyenye meno. Weka pesa kwenye simu, maana kiingilio hulipwa kwa simu. Maji yatie kwenye chupa ya chuma au ya kudumu: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu ya hifadhi Kenya. Chakula kifiche ndani ya mkoba wenye zipu. Tumbili na kima wa hapa wamezoea watu, na nimeshuhudia mtoto akinyang'anywa ndizi ikiwa tayari mdomoni. Usiwalishe hata wakikuangalia kwa huruma.

Hatua ya 2: Anza juu, polepole
Kutoka mjini ni kama kilomita 3, kwa Barabara ya State House. Ukishaingia langoni, usikimbilie mto. Miti mingi ina kibao chenye jina la kisayansi. Soma vibao kumi vya kwanza tu, kisha acha vibao utumie mikono.

Okota jani la mkaratusi lililoanguka (usichume), lisugue, linuse. Harufu ile ya dawa ya mafua imetoka Australia. Mkaratusi ulipendwa na watu wa reli kwa kuwa hukua mbio, na ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Sasa tafuta mukinduri, mti wa kwetu. Geuza jani lake: juu kijani, chini rangi ya fedha. Chini ya mti utapata matunda magumu ya kijivu, kila moja na mbegu tatu ndani. Siku hizi watu hukamua mafuta yake. Weka majani hayo mawili kiganjani, la mgeni na la mwenyeji. Nikiwa na watoto, hapa peke yake humaliza dakika ishirini, na siwaharakishi.

Ukija Oktoba, mijakaranda itakuwa imemwaga maua ya zambarau njiani. Nayo ni migeni, kutoka Amerika Kusini.

Hatua ya 3: Teremka mtoni
Fuata njia inayoshuka. Hewa itabadilika kwanza, iwe baridi na yenye unyevu, ndipo usikie maji. Huu ni Kirichwa Kubwa. Usiyaguse maji yake. Hubeba taka za mitaa ya juu. Lakini simama. Mto huu mdogo huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi, na Athi ikipita Tsavo huitwa Galana, halafu Sabaki, hadi imwagike Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Mgeni wangu mmoja kutoka pwani aliposikia hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe matope yetu yanatoka huku."

Baada ya mvua, udongo wa hapa huteleza sana. Machi hadi Mei mimi huiacha njia ya mtoni na kubaki juu. Siku yoyote ile, huku chini nenda na mwenzako.

Hatua ya 4: Panda urudi
Ukipotea, kumbuka kwamba mteremko hukupeleka mtoni na mwinuko hukurudisha kwenye nyasi. Ukipandisha, utasikia watu wakiomba Mungu kwa sauti chini ya miti. Wapite kwa mbali, kimya, simu mfukoni. Tazama matawini juu. Huenda ukamwona hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa.

Hatua ya 5: Jipime
Kabla ya lango, chagua miti mitatu isiyo na kibao. Shika gamba, geuza jani, sema ni mgeni au mwenyeji. Mukinduri ndio watu hupata kwanza. Ukikosa mingine, rudi Jumamosi ijayo uanzie hatua ya pili.