Simu Ikidumbukia Ziwani: Namna ya Kuiokoa, Hatua kwa Hatua

Mkazi wa Mwanza ana njia nyingi za kulowesha simu. Yupo abiria wa kivuko cha Kamanga anayeinama ukingoni ili apige picha, yupo mchuuzi wa Mwaloni Kirumba anayenyanyua ndoo ya samaki huku simu ikiwa kwenye mfuko wa shati, yupo dereva wa bodaboda aliyekutwa na mvua ya masika katikati ya safari, na yupo aliyefua suruali bila kukagua mifuko. Wote hufika mezani kwa fundi na swali moja, iwapo simu itapona, na mara nyingi jibu hutegemea yaliyofanyika dakika chache za mwanzo kuliko muda ambao simu ilikaa majini.

Ni vyema kuelewa kwanza kinachoharibu. Maji peke yake hayaiui simu papo hapo; kinachoiua ni umeme unaopita mahali palipolowa. Betri ya simu hutoa takriban volti 3.7, na ikijaa hufika volti 4.2 au zaidi kidogo. Kiasi hicho hakimdhuru mtu, lakini kikipata njia ya maji kati ya nukta mbili za bodi (kibao cha ndani chenye saketi za simu) zilizoachana kwa upana usiofika milimita moja, huanza kuila shaba na kuacha ukoko wa kijani au mweupe. Kadiri maji yanavyokuwa na chumvi au uchafu mwingi ulioyeyuka ndivyo yanavyopitisha umeme zaidi, nayo sukari huganda ndani na kunata. Kwa sababu hiyo simu iliyotumbukia Ziwa Victoria, ambalo maji yake hayana chumvi ya bahari, huwa na nafasi nzuri kuliko iliyotumbukia Bahari ya Hindi, ilhali ile iliyomwagikiwa soda, uji wenye sukari au maji ya dagaa waliotiwa chumvi inahitaji haraka zaidi hata kama ilipata matone machache tu.

Hatua ya kwanza ni kuitoa majini na kuizima. Ifute kioo kwanza kwa kitambaa kikavu au kwa upindo wa shati, kwa sababu kioo chenye maji hakisikii kidole vizuri, na watu wengi hupoteza muda wakigusa neno la kuzima bila simu kuitikia. Usifungue picha, usijaribu kupiga, wala usiangalie kama spika bado inalia, kwa kuwa kila sekunde inayowaka ni sekunde ya umeme kupita kwenye maji. Ikiwa imezimika yenyewe, iache hivyo hivyo. Kishawishi cha kubonyeza kitufe "nione tu kama inawaka" ndicho kinachogeuza kazi ya kusafisha kuwa kazi ya kubadilisha bodi. Iliyokuwa kwenye chaji wakati ikilowa ni jambo la hatari kwa mtu pia: zima swichi ya ukutani kabla ya kugusa waya.

Hatua ya pili ni kuivua. Toa kava, vuta trei ya laini kwa pini yake, toa laini na memori kadi. Simu ya kitochi ifunguliwe mfuniko wa nyuma na betri itolewe hapo hapo. Ni kwa sababu hiyo simu hizo hupona kwa urahisi. Laini ifutwe na kuwekwa kwenye simu nyingine ili shughuli za pesa ziendelee. Tafadhali usiitupe wala kuipoteza katika pilikapilika hizo, maana usajili wa laini hapa nchini unafanywa kwa alama za vidole, na kuirudisha kutakulazimu uende mwenyewe. Wakati trei iko nje, mulika ndani ya tundu lake kwa tochi. Simu nyingi zina kikaratasi cheupe humo ambacho hugeuka chekundu au cha waridi kikiguswa na maji, nacho kitakueleza kama maji yamevuka kingo.

Hatua ya tatu ni kutoa maji yanayoonekana. Ishike simu tundu la chaji likielekea chini, uigonge polepole kwenye kiganja, kisha ufute. Usiitikise kwa nguvu, usipulize tundu kwa mdomo, na usichomeke pamba wala kijiti, kwa maana vyote hivyo husukuma maji ndani zaidi. Kisha iweke mahali pakavu mbele ya feni. Jua kali la mchana, jiko la mkaa na kikausha nywele si msaada: joto hulegeza gundi ya kioo, na betri ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi inaweza kuvimba au hata kuwaka moto.

Hapa ndipo unapoingia mchele, ile desturi ya kuzika simu iliyolowa ndani ya mchele ili ikauke, na sina budi kuueleza kwa kirefu, kwa sababu karibu kila mteja hufika na chembe zake ndani ya tundu la chaji. Mchele haufyonzi maji yaliyojificha ndani ya simu iliyofungwa kwa gundi. Simu iliyoachwa mezani mbele ya feni hukauka vizuri kuliko iliyozikwa kwenye debe, kwa kuwa hewa inayotembea ndiyo inayobeba unyevu. Aidha, vumbi la mchele huchanganyika na maji na kuwa uji mzito unaoganda kwenye pini za chaji. Kampuni ya Apple, katika maelekezo yake ya mwaka 2024, iliwaambia wateja wasitie simu kwenye mchele kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu. Hata hivyo kasoro kubwa ya mchele si hiyo. Kasoro yake ni kumpa mtu matumaini: anasubiri siku tatu akiamini simu inatibiwa, ilhali kutu inaendelea kula bodi. Hata maji yakikauka kabisa, chumvi na uchafu uliokuwamo hubaki pale pale, na unyevu wa hewa ya mwambao unatosha kuuamsha tena. Mchele ubaki wa pilau.

Kwa hiyo hatua ya nne, ambayo ndiyo tiba yenyewe, ni kufungua na kuosha. Kama huna bisibisi ndogo wala uzoefu, simu ipelekwe kwa fundi siku ile ile, ikiwa imezimwa, na aambiwe ukweli iliingia maji gani, kwani fundi anayedhani ni mvua kumbe ni supu ataosha kijuujuu. Ukiwa unafungua mwenyewe, pasha kingo za mfuniko joto la wastani, pitisha kadi nyembamba ya plastiki taratibu, na jambo la kwanza baada ya mfuniko kutoka liwe kuchomoa klipu ya betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Betri iliyotuna, iliyobonyea au yenye harufu tamutamu ya kemikali isirudishwe.

Bodi ikishatoka, iangalie chini ya mwanga mkali kwa lenzi. Sehemu za kushuku ni kuzunguka tundu la chaji, kwenye klipu za kioo na za betri, na kingo za vile vifuniko vya bati vinavyofunika saketi. Utaona unga mweupe kama wa chumvi, au kijani kilichong'ang'ania kati ya pini moja na nyingine. Chukua pombe ya isopropili ya asilimia 99, ambayo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya mafundi, uimimine kwenye sahani, ulowanishe bodi, kisha usugue kwa mswaki laini kufuata upande wa pini, bila kukwangua. Rudia kwa pombe mpya mpaka inayochuruzika iwe safi. Spiriti ya duka la dawa kwa kawaida ni ya asilimia 70, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji, kwa hiyo itumike tu ukikosa nyingine na ukaushaji uwe mrefu zaidi. Tina ya rangi na petroli zisitumike kabisa, kwani huyeyusha plastiki za klipu. Hewa ya chumba, moto na sigara navyo vifikiriwe: fungua madirisha, na pasiwe na jiko jirani, kwa kuwa mvuke wa pombe hiyo huwaka kwa urahisi. Kioo, kamera na betri visitumbukizwe. Vifutwe kwa pamba iliyokamuliwa.

Maji yakiwa yameingia chini ya vifuniko vya bati vilivyochomelewa, mswaki hautafika. Hapo inahitajika mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti au fundi mwenye blowa (kifaa cha kupuliza hewa ya moto) ya kuving'oa, na si kazi ya mezani nyumbani.

Hatua ya tano ni kukausha na kujaribu. Pombe huruka haraka, lakini iliyo chini ya saketi hukawia. Iache bodi mbele ya feni kwa saa kadhaa, ikibidi mpaka kesho yake. Fundi mwenye pawa saplai (kifaa cha mezani kinachotoa umeme na kuonyesha kiasi kinachovutwa) aiunganishe bodi kwa volti 4 bila kubonyeza kitufe. Mshale ukionyesha umeme unavutwa kabla simu haijawashwa, kuna mahali pamegusana, na kuilazimisha kuwaka kutaunguza zaidi. Usipovutwa umeme, rudisha betri, funga klipu, uiwashe.

Ikiwaka, usikimbilie kuchaji wala kufurahia muziki. Hamisha kwanza picha, namba na nyaraka, kwa maana simu iliyolowa inaweza kufanya kazi wiki mbili kisha ikazimika ghafla. Baadaye kagua maikrofoni kwa kujirekodi, spika zote mbili, kamera kama ina ukungu, na uchaji. Simu inayopata joto ikiwa haifanyi kazi yoyote irudi mezani.

Mwisho ni suala la kinga. Alama ya IP67 humaanisha simu ilipimwa ndani ya maji yasiyo na chumvi yenye kina cha mita 1 kwa dakika 30, na IP68 ni kwa kina au muda zaidi kama mtengenezaji alivyoeleza. Kipimo hicho hufanywa kwa simu mpya, na kinga hutegemea gundi na mpira wa kingo ambao huharibika simu ikianguka na hukatika kabisa ikifunguliwa. Muulize fundi kama ameweka gundi mpya kuzunguka mfuniko. Kama hakuweka, simu hiyo haina tena kinga ya maji, hata kama boksi lake bado limeandikwa IP68.