Mwongozo kwa Mwanasoka wa Sekondari wa Tanga Ambaye Bado Hajaonekana

Kila mwaka, baada ya majina ya kikosi cha wilaya cha UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kubandikwa ukutani, wanafunzi kadhaa hunijia na kuniuliza kwa nini wameachwa, ilhali wenzao ambao hawawazidi kitu wamechukuliwa. Nimefundisha michezo hapa Tanga kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimekaa na walimu wenzangu kuteua vikosi, kwa hiyo naweza kueleza yanayotokea. Tunakuwa tumetazama wachezaji sitini au zaidi kwa siku mbili juani. Jioni, daftari likiwa mbele yetu, hatuulizani nani ni mzuri, bali mmoja husema, "Yule beki wa kushoto anayewahi kurudi," na mwingine husema, "Yule kiungo anayegeuka na mpira bila kunyang'anywa." Mchezaji ambaye hakuna mwalimu aliyeweza kumweleza kwa sentensi moja kama hizo huachwa, hata kama hakukosea lolote kutwa nzima.

Hivyo basi, kabla ya kuongeza saa za mazoezi, tafuta sentensi yako. Mwendee mwalimu wako wa michezo wakati ametulia, si mara baada ya mechi, na usimuulize kwa nini hakupangi. Muulize ni jambo gani analokutegemea ukiwa uwanjani. Akisita, umepata jibu, ingawa litakuuma. Sikiliza pia wachezaji wenzako wanapogawana timu jioni, kwa sababu wao hujua haraka kuliko walimu nani anachaguliwa kwanza na kwa ajili ya nini.

Angalia pia nafasi unayocheza. Katika shule nyingi kila kijana anataka kuwa mshambuliaji au kiungo wa juu, na nafasi hizo mbili ndizo zinazogombewa na watu kumi na watano, huku tukihangaika kumpata beki wa pembeni anayetumia mguu wa kushoto kwa hakika, au kipa anayetoka golini kuudaka mpira wa kona badala ya kusubiri mabeki wamwokoe. Niliwahi kuwa na mwanafunzi kutoka Makorora aliyekaa benchi miaka miwili akiwa winga wa kulia. Tulipomrudisha nyuma kuwa beki wa upande huohuo, ile mbio yake iliyokuwa ya kawaida miongoni mwa mawinga ikawa adimu miongoni mwa mabeki, na mwaka uliofuata alichaguliwa. Kuhama nafasi kunahitaji unyenyekevu, na namsihi kila anayesoma haya alifikirie jambo hili kwa uzito.

Ukishajua jambo lako, lifanyie kazi kwa hesabu. Chukua daftari la kurasa chache liwe la mpira peke yake. Ikiwa jambo lako ni pasi, tafuta ukuta imara, simama hatua nane mbali nao, kisha piga pasi 100 kwa mguu wa kulia na 100 kwa wa kushoto, ukihesabu ni ngapi ulizotuliza kwa mguso mmoja na kuzirudisha kwa mguso wa pili. Andika idadi hiyo kila siku. Ikiwa ni krosi, weka koni au jiwe pale mshambuliaji angesimama, kokota mpira kwa kasi hadi karibu na mstari, kisha upige bila kusimama, kwa sababu krosi ya mpira uliotulia haifanani na ile utakayopiga beki akiwa ubavuni. Ikiwa ni kasi, pima mita 30 kwenye ardhi ngumu, mwombe mwenzako ashike saa ya simu, kimbia mara tatu ukipumzika dakika mbili kati ya mbio moja na nyingine, na uandike muda bora. Rudia kipimo hicho kila baada ya wiki mbili, mahali palepale na mtu yuleyule akishika saa. Vijana wengi hukimbia kwenye mchanga wa pwani wakidhani ndiko kasi inakopatikana. Mchanga unajenga nguvu za miguu na mara moja kwa wiki unafaa, lakini unaifanya hatua kuwa nzito, kwa hiyo mbio za kasi zifanyike kwenye ardhi iliyoshikana.

Joto la Tanga si la kupuuzwa. Fanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi au baada ya alasiri, na beba maji yako mwenyewe. Katika mwezi wa Ramadhani, kwa anayefunga, wakati unaofaa zaidi ni muda mfupi kabla ya magharibi, ili mwili upate futari mara baada ya kazi. Punguza mbio na uongeze kazi ya mpira. Kabla ya kila mazoezi pasha misuli moto kwa mpangilio unaoeleweka. FIFA imeandaa mpango wa dakika kama 20 uitwao 11+, wenye mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu, ya kusimama imara na ya kuruka, na unapofanywa angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha. Mchezaji aliyeumia wiki ya uteuzi hana wa kumtazama. Kuhusu chakula sitasema mengi: maharage, dagaa, samaki, mayai yakipatikana, matunda ya msimu, na usingizi wa saa nane.

Sasa nizungumzie mahali pa kuonekana. Njia ya shule huanzia kwenye timu ya shule, hupita wilayani, kisha kwenye timu ya mkoa inayokwenda mashindano ya taifa, na kila ngazi ina macho mapya. Lakini usiitegemee peke yake. Tanga ina Coastal Union, mabingwa wa nchi mwaka 1988, na African Sports, na watu wa klabu hizo hawaishii kwenye uwanja wa Mkwakwani, kwani wapo wanaokaa pembeni mwa mechi za mtaani kila jioni. Jiunge na timu ya mtaa yenye wachezaji wanaokuzidi umri na ujuzi, hata kama utaingia dakika za mwisho, na cheza kila mechi kwa namna ambayo mgeni aliyesimama pembeni angeweza kukueleza. Mwaka 2022, katika fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Arusha, Abdul Suleiman, maarufu Sopu, aliifungia Coastal Union mabao matatu dhidi ya Yanga. Mechi iliisha 3-3 na Coastal ikapoteza kwa penalti, lakini hakuna aliyemsahau, na muda mfupi baadaye akasajiliwa na Azam. Wasichana nao wasome haya kama yanayowahusu: mwaka huohuo Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India.

Picha za video husaidia zikipigwa vizuri. Mwombe mwenzako asimame mahali palipoinuka karibu na mstari wa katikati, ashike simu kwa mlalo, na asivute picha karibu mno, kwa kuwa kocha anataka kuona ulisimama wapi kabla mpira haujakufikia. Chagua matukio ya dakika tatu au nne, anza na lile linaloonyesha jambo lako, na mwanzoni andika jina, mwaka wa kuzaliwa, nafasi, namba ya jezi na simu ya mzazi. Hifadhi na mechi nzima, maana kocha makini ataiomba.

Mtu akija nyumbani kudai pesa ili akupeleke kwenye majaribio nje ya nchi, mzazi asitoe hata shilingi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache maalumu, na wakala lazima awe na leseni ya FIFA, pamoja na idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi wa mtoto. Umri wako usiuguse kabisa. Mashindano ya vijana chini ya miaka 17 hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kukadiria umri wa mchezaji, na udanganyifu unaogunduliwa hapo huharibu jina la mchezaji na la timu yake. Tunza pia kumbukumbu za shule na klabu zote ulizochezea tangu ulipofikisha miaka 12, kwa sababu fidia za mafunzo ambazo klabu hulipana huhesabiwa kuanzia umri huo, na klabu ndogo iliyokulea inaweza kunufaika.

Siku ya majaribio fika nusu saa mapema ukiwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa, njumu zilizokwishazoeleka mguuni na maji. Mwambie kocha nafasi moja tu, ile unayoijua zaidi. Ukitolewa, usivue jezi wala kuondoka. Kaa benchi, fuatilia mechi, na mpe maji mwenzako anayetoka, kwa kuwa sisi tunaoandika majina tunatazama na huko pia.